Ng'ombe wa Mzee Magoti na Picha za Zamu

Nilichosikia kwanza ni yowe. Halikutoka nje ya dirisha langu, kwa maana mtaa wetu hapa Musoma ulikuwa umetulia mchana ule; lilitoka ndani ya simu niliyokuwa nimeibana kati ya sikio na bega, mikono yangu ikiwa bado kwenye kompyuta. Aliyepiga alikuwa Bhoke, mkamwana wa Mzee Magoti, mfugaji wa Butiama. Nyuma ya sauti yake wanawake walikuwa wakipiga yowe lile ambalo kwetu Mara halipigwi kwa mchezo: yowe la moto au la ng'ombe.

"Madam," Bhoke alisema, "mmeandika kwenye blogu kwamba ng'ombe zetu ni za wizi?"

"Hatujaandika hivyo hata kidogo."

"Basi njoo uwaambie hawa wenye fimbo hapa langoni, maana wenyewe wanasema wameziona kwa macho yao."

Vijana wangu, ninyi mnaofungua blogu leo asubuhi na kufikia jioni mmekwisha kuipamba, nawaandikia kwa sababu ya yowe lile. Kwa miaka mingi nilitunza blogu ya umoja wa vikundi vya wakulima, wavuvi na wafugaji wa Musoma, Bunda na Butiama. Nimekwisha kustaafu kazi hiyo na nywila nimezikabidhi kwa wengine. Nina shahada ya uzamili katika mawasiliano, jambo ambalo wajumbe wa kamati yetu hawakulikumbuka nilipowashauri, ila walilikumbuka kila walipotaka kunitwisha mzigo. "Wewe una masta, Madam, utapata njia." Sentensi hiyo nimeisikia mara nyingi kuliko jina langu la ubatizo.

Habari yenyewe ilianza kwa nia njema. Juu kabisa ya blogu yetu palikuwa na picha moja tu, ya mawe na ziwa, nayo ilikuwa imekaa pale tangu siku ya kwanza. Mwenyekiti wetu, Bwana Mafuru, alirudi kutoka semina fulani akiwa ameona blogu ya watu wengine ambayo picha yake ya juu hubadilika kila inapofunguliwa.

"Ya kwetu imechakaa," alisema, "imekuwa kama kalenda ya mwaka jana. Nataka hiyo inayobadilikabadilika."

Kitaalamu sikuwa na pingamizi, na hata leo sina. Ukitaka kuipa blogu sura mpya bila kuivunja yote, hiyo ni njia ya bei nafuu kuliko zote. Unakusanya picha chache nzuri, unazikata kwa kipimo kimoja, unaziweka kwenye folda moja, kisha mistari michache ya msimbo inachagua mojawapo kwa bahati nasibu kila ukurasa unapofunguliwa. Huandiki upya chochote. Msomaji anayerudi kesho anahisi ameingia nyumba iliyopakwa rangi, kumbe ni pazia tu lililobadilishwa. Kwa hiyo mimi siilaumu kompyuta. Nikianza kulaumu, nitaanza na binadamu.

Umoja wetu uliendesha kila kitu kwa zamu. Kuchunga ng'ombe za ujirani, zamu. Kupalilia shamba la kikundi, zamu. Kupika msibani, zamu. Kwa hiyo kamati iliposikia kwamba picha zitapokezana, hakuna aliyesikia neno "bahati nasibu". Wote walisikia zamu, na zamu kwao ni haki ya mtu. Bunda walileta picha ya pamba, wavuvi wa Murangi, kando ya ziwa, wakaleta ya sato waliotandazwa kwenye mtumbwi, Musoma wakang'ang'ania mawe yao, na Butiama wakachagua picha niliyoipiga mwenyewe ya ng'ombe wa Mzee Magoti wakitoka kunywa maji lamboni. Ilikuwa picha nzuri. Mbele kabisa alitembea ng'ombe mweupe mwenye doa jeusi nyongani, akiitazama kamera kana kwamba inamdai maelezo.

Wiki ile ile Mama Pendo, anayewasemea wakulima wa pamba wa Bunda, alinipigia simu.

"Madam, hivi sisi wa pamba tumekosa nini?"

"Kwani kumetokea nini, Mama Pendo?"

"Tangu asubuhi nafungua, nafunga, nafungua. Sato. Ng'ombe. Sato. Mawe. Sato tena. Pamba hata kunusa!"

"Ni bahati nasibu, mama. Kompyuta inachagua yenyewe."

"Inachaguaga yenyewe?"

"Ndiyo."

"Na Murangi imepajuaje?"

"Haipajui, mama."

"Mbona inawapenda? Wewe si una shangazi ameolewa Murangi?"

Shangazi yangu ni kweli ameolewa Murangi. Nilijaribu kumweleza kwamba shilingi ikirushwa inaweza kuangukia upande mmoja mara kadhaa mfululizo bila mtu yeyote kufanya hila. Aliniambia hajawahi kuona shilingi ikirushwa ndani ya simu. Niliubadilisha msimbo ili picha zifuatane kwa mpangilio. Mara wakaanza kugombana kuhusu nani awe wa kwanza. Nikaurudisha kwenye bahati nasibu, wakasema nimehongwa furu, vile visamaki vidogo visivyo na bei. Hata sato hawakunipa, vijana wangu. Furu!

Mwenyekiti naye alileta picha yake, amesimama wima, suti na tai, kuanzia utosi hadi viatu. Sasa sikilizeni, hili lina faida kwenu. Picha ya juu ya blogu ni pana sana na kimo chake ni kifupi, mithili ya ubao wa ubavuni mwa tela la ng'ombe. Mtu aliyesimama haingii humo. Picha ya namna hiyo huipigi halafu ukatafuta pa kuikata. Unaipiga ukijua tangu mwanzo kwamba juu na chini vitaondoka. Tena kwenye simu ndogo pembeni nako hupotea, kinabaki cha katikati tu. Nilimweleza Bwana Mafuru hayo yote kwa adabu. Akasema iwekwe hivyo hivyo. Ikawekwa.

"Madam," aliniita kesho yake, "huyu mwenye tai ni nani?"

"Ni wewe, Mwenyekiti."

"Kichwa kiko wapi?"

"Kimebaki kwenye picha ya asili."

Picha ile iliondolewa kwa amri yake mwenyewe, na ndiyo amri pekee ya kamati niliyowahi kuitekeleza kwa furaha.

Yapo mengine madogo ambayo mtayajutia msipoyashika. Usiweke jina la blogu kwa herufi nyeupe juu ya picha ya pamba. Litapotea kama chumvi ndani ya uji. Punguza uzito wa kila picha kabla ya kuipandisha, kwa maana msomaji wako yuko shambani na bando la kuungaunga, na atakuchukia kabla hajasoma neno. Ijaribu blogu yako kwenye simu ya bei ya chini kabisa utakayoweza kuazima, na uijaribu juani. Blogu inayopendeza kwenye kompyuta ya ofisini inaweza isisomeke kabisa mnadani.

Lililo kubwa kuliko hayo nilifundishwa na Bwana Masatu, mpiga picha wa studio moja ya Bunda, kabla sijaketi kwenye ukumbi wowote wa mihadhara. Masatu hakutoa picha mkononi mwake bila kwanza kuigeuza na kuandika nyuma ni nani, wapi na lini. Mteja akiharakisha, alimwambia, "Subiri nimalize, nisije nikakuuzia mtu asiye na jina." Kwa kumfuata yeye, nilipendekeza kwenye kamati mambo mawili. La kwanza, kila picha ya juu iwe na mstari mdogo chini yake wa kuitambulisha. La pili, habari za msiba, ajali na wizi zisiwe na picha za kupokezana. Juu yake iwe rangi tupu, basi.

Kuhusu la kwanza, Mwenyekiti alisema maandishi yatachafua picha. Kuhusu la pili, Mama Pendo aliinua mkono.

"Kwa hiyo siku za misiba zamu yetu inaliwa?"

"Mama Pendo, hakuna anayekula zamu. Ni heshima kwa wafiwa."

"Misiba ni mingi, Madam. Tukihesabu na ajali, pamba itaonekanaga lini?"

Kamati ikakubaliana naye kwa makofi. Zamu ni zamu. Nilirudi nyumbani siku hiyo nikiwa na hoja nyingine nyingi kichwani, zote nzuri, zote zimechelewa.

Halafu Mzee Nyamhanga akaibiwa.

Mzee Nyamhanga alikuwa mfugaji wa kijiji kingine cha wilaya hiyo hiyo ya Butiama. Ng'ombe wake walitolewa zizini Jumapili, watu wakiwa kanisani. Alinipigia mwenyewe kwa simu yake ya vitufe, ile tunayoiita kitochi, akanisimulia. Niliiandika habari hiyo kwa uangalifu wote niliofundishwa: wapi, siku gani, nani apewe taarifa. Sikutaja mshukiwa kwa sababu hakuwepo. Sikuweka picha yoyote ndani ya habari kwa sababu mzee hakuwa nayo. Nilipoisoma mara ya mwisho sikuona koma hata moja ya kuhamisha.

Lakini ukurasa ulikuwa na picha. Ulikuwa nayo kwa juu, kwa bahati nasibu. Kijana mmoja wa bodaboda akaufungua katika kijiwe chao, na zamu ikawa ya Butiama: ng'ombe wa Mzee Magoti, wanono, wanang'aa, na chini yao kwa herufi nene, "Ng'ombe walioibwa Jumapili bado wanatafutwa." Nani angesoma vinginevyo? Kwa yule asiyejua jinsi blogu inavyotengenezwa, picha iliyo juu ya habari ndiyo picha ya habari. Mmoja wao akamtambua yule mweupe. "Huyu nimemwona! Yuko kwa Magoti!" Hakuwa amekosea hata chembe. Pikipiki zikawashwa.

Na lililonitetemesha zaidi, hata sasa ninapoandika, nililisikia kupitia simu ya Bhoke, kutoka kule langoni. Mtu mmoja aliufungua ukurasa tena ili amwonyeshe mwenzake ushahidi.

"Mbona pamba?"

"Pamba nini? Lete hapa. Zilikuwepo, nimeziona mimi!"

"Sasa ni pamba. Tazama."

"Wamezitoa! Wameona tumekuja, wamezitoa! Hawa lao moja!"

Yowe likapanda tena.

"Bhoke," niliuliza, "mzee yuko wapi?"

"Amekaa ndani. Nimemwambia atoke aongee nao, anasema, 'Nitoke nikajibu picha?' Madam, kuna mmoja hapa ana kiberiti mkononi na havuti sigara."

Hapo ndipo elimu yangu yote ilipokusanyika na kunikalia kichwani. Nikiiondoa picha ya ng'ombe, nitakuwa nimethibitisha kwamba tunaficha. Nikiiacha, kila atakayeufungua ukurasa na kukutana nayo atakuwa mwindaji mpya. Nikiandika maelezo, yapaswa kuwa mafupi kiasi gani ili yasomwe, na marefu kiasi gani ili yaeleweke? Nikaanza kuandika: "Kwa mujibu wa utaratibu wa picha za juu zinazopokezana..." Nikafuta "kwa mujibu". Nikairudisha.

"Madam, unafanya nini huko?"

"Naandika ufafanuzi, Bhoke."

"Wa kusomwa na nani? Hawa wameshasoma! Ndiyo maana wako hapa!"

Nilimwomba anisubiri, nikampigia mtendaji wa kijiji chao. Hakupatikana. Nikampigia Bwana Mafuru, nikamweleza.

"Futa!" alisema. "Futa haraka!"

"Nikifuta watasema tumeficha, Mwenyekiti, na wameshaanza kusema."

"Basi usifute."

"Mwenyekiti!"

"Sasa mimi nifanyeje? Wewe ndiye mwenye masta!"

Nilikata simu bila kuaga, jambo ambalo sijawahi kumfanyia mtu aliyenizidi umri. Nikabaki naitazama kompyuta. Kijana wa bodaboda alikuwa ameiona picha, wenzake kijiweni wameiona, langoni wameiona na kuipoteza, Mwenyekiti alikuwa na maoni juu yake. Nikajiuliza jambo ambalo lilipaswa kuwa la kwanza: aliyeibiwa mwenyewe ameiona? Simu yake ya kitochi haifungui blogu. Yawezekanaje watu waende kumrudishia mtu ng'ombe ambao hajaonyeshwa hata sura zao?

Nikampigia Mzee Nyamhanga.

"Shikamoo, mzee. Ni Madam wa blogu."

"Marahaba, mwanangu. Asante sana! Wameniambia umezipata."

"Mzee, uko wapi sasa hivi?"

"Niko njiani, nimebebwa kwenye pikipiki. Vijana wametangulia. Wanasema ni boma moja huko mbele ya josho."

"Hizo ng'ombe umeziona kwenye picha?"

"Mimi? Nimeambiwa tu."

"Nakuomba umwambie dereva asimame. Akuonyeshe picha kwenye simu yake, uitazame wewe mwenyewe."

Nilisikia injini ikizimwa, na dereva akilalamika kwamba MB zake zinakaribia kuisha. Kisha sauti ya mzee.

"Naona samaki."

"Mwambie afungue tena."

"Naona mawe."

"Tena, mzee, tafadhali."

"Samaki tena. Mwanangu, mnanichezea na shida yangu hii?"

Mikono yangu ilitangulia kabla akili haijaanza kujadiliana nayo. Nikaingia kwenye ile folda ya picha, nikaitoa pamba, nikawatoa sato, nikayatoa mawe. Picha zote za zamu nikaziondoa, nikabakiza moja peke yake, ile ambayo Mwenyekiti alinipigia kelele niifute.

"Mara moja tu zaidi, mzee. Nakuomba."

Dereva akanung'unika, kisha nikasikia pumzi ya mzee ikivutwa na kubaki ndani.

"Enhe. Nimeziona."

Nilisikia upepo wa barabarani na mbuzi wa mtu. Alikuwa akitazama taratibu, mmoja mmoja, kama mfugaji atazamavyo.

"Hakuna ya kwangu," alisema hatimaye. "Huyu mwekundu simjui. Hawa wawili wa nyuma siwajui. Huyu mweupe... Kwa doa hili, huyu mweupe mama yake alitoka kwetu. Kaka yangu alimtoa mahari. Mwanangu, hizi ng'ombe ni za nani?"

"Za Mzee Magoti."

"Magoti yupi? Magoti yule aliyekuwaga kule juu, aliyemwoza kaka yangu binti, akahama?"

"Huyo huyo, mzee. Watu wako langoni kwake na fimbo, na kuna mwenye kiberiti."

Alisema jambo kwa Kizanaki ambalo sitaliandika. Kisha akamgeukia dereva: "Washa! Washa, mtoto wewe! Mmenipakia kwenye pikipiki mkanileta ukweni na fimbo! Ukweni kwa kaka yangu! Endesha!"

Hakukata simu. Naamini aliitumbukiza tu mfukoni mwa shati, kwa kuwa kilichofuata nilikisikia kupitia nguo: injini, mawe yakirukaruka chini ya magurudumu, yowe likianzia mbali na kukua hadi likawa pale pale. Kisha injini ikazimika, na sauti yake ikawafokea watu kwa lugha ya nyumbani, kwa muda mrefu, bila kupumzika. Nilitambua neno moja moja tu. Yowe likapungua, likakatika. Mtu mmoja akaanza kujibu, akaambiwa anyamaze, akanyamaza.

Sikuweka simu chini. Nilisikia vitu vikidondoka ardhini kimoja baada ya kingine, vyenye mlio mkavu wa mti. Nilisikia mzee akikohoa na kujisafisha koo, na hatua zake zikisogea peke yake.

"Hodi hapa," akasema, kwa sauti ya mtu aliyefika muda ule ule. "Hodi kwa wakwe."

Akarudia, chini zaidi.

"Hodi."

Nilihesabu pumzi zangu, nikapoteza hesabu. Ndipo kutoka mbali, ndani ya nyumba, nikamsikia mzee mwingine akiuliza ni nani, na Bhoke akamjibu:

"Ni mgeni, baba. Amekuja mikono mitupu. Nimkaribishe?"